Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama Mafundi wa Mifumo ya Udhibiti na Ufuatiliaji wa Mitambo, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati tendaji na wageni waalikwa,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka ulioishia Desemba 2025. Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo sitazirefusha. Kamati tendaji ilikutana kila robo mwaka. Tulifanya mafunzo mawili, ziara moja katika kiwanda cha saruji na kikao kimoja na wakufunzi wa vyuo vya ufundi kuhusu mitaala. Tuliwafariji wanachama watatu waliofiwa. Na tuliwapokea wanachama wapya 11, hivyo sasa tumefikia 143. Kumbukumbu za vikao vyote ziko kwa katibu, na kila mwanachama ana haki ya kuzisoma.

Jambo ninalotaka kulieleza kwa kina ni uamuzi wa mwezi Machi wa kukataa msaada wa vifaa vya mafunzo. Uamuzi huo umesemwa sana, hasa kwenye kundi letu la WhatsApp, na waliousema kwa ukali zaidi ni wenzetu ambao hawakuhudhuria kikao kilichoujadili. Nimeitwa mtu wa kuzuia maendeleo. Ninaona ni haki yangu, na ni haki ya kamati, sababu zetu zisikike kikamilifu mbele ya mkutano mkuu.

Msambazaji mmoja wa vifaa vya udhibiti alitaka kutupatia paneli tatu mpya, kila moja ikiwa na kidhibiti cha PLC (kompyuta ndogo ya kiwandani inayoendesha mitambo kwa programu), skrini ya kugusa na leseni ya programu ya ufuatiliaji. Ulikuwa msaada mnono, na thamani yake ilizidi makusanyo yetu ya ada ya miaka kadhaa. Hata hivyo ulikuja na masharti. Kwa miaka mitano chama kisingefundisha kwa vifaa vya chapa nyingine yoyote. Paneli zingeunganishwa muda wote na seva za msambazaji zilizoko nje ya nchi, kupitia modemu ambayo nywila yake isingekuwa mikononi mwetu. Tena, kazi zote ambazo wanafunzi wetu wangeandika zingehifadhiwa katika muundo ambao programu za watengenezaji wengine haziwezi kuusoma. Wajumbe watano walipiga kura ya kukataa na wawili ya kukubali. Mimi nilikuwa miongoni mwa watano, barua ya kukataa niliiandika mwenyewe, na bado ninaisimamia.

Msingi wa uamuzi wetu ni mwelekeo wa fani yenyewe. Wengi wetu tumekulia kwenye waya wa miliampia 4 hadi 20, ambapo transmita moja (kifaa kinachopeleka kipimo kwa mkondo wa umeme) hubeba kipimo kimoja, miliampia 4 ikiwa ndicho kipimo cha chini kabisa, na waya ukikatika mkondo hushuka hadi sifuri na fundi akajua mara moja kwamba hapa pana hitilafu, si kwamba tangi ni tupu. Ustadi huo utaendelea kuhitajika kwa miaka mingi. Lakini vifaa vinavyoingia viwandani sasa havitumi namba peke yake. Kila kifaa kinatuma pia hali yake, tarehe kiliposawazishwa (yaani kuhakikiwa usahihi wa vipimo vyake) na maonyo juu ya afya yake. Tangu 2021 kumekuwa na vifaa vya Ethaneti (mtandao wa kompyuta wa waya) vinavyotumia jozi moja tu ya waya, vinavyopata umeme na mawasiliano kwenye waya huohuo, vikafika hadi mita 1,000 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, na vikaruhusiwa hata kwenye maeneo yenye gesi inayoweza kulipuka. Fundi wa kesho atalazimika kuijua mita ya umeme na kuijua swichi ya mtandao kwa kiwango kilekile.

Kilichodumu katika historia ya fani hii ni kile kilichoachwa wazi kwa wote. Itifaki ya Modbus, yaani kanuni ambazo vifaa hutumia kuwasiliana, ilitolewa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon, ileile iliyotengeneza kidhibiti cha PLC cha kwanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya viwanda vya magari vya Marekani, na kwa kuwa kila mtengenezaji aliruhusiwa kuitumia, leo mtaikuta kwenye mita za umeme, draivu za mota (vifaa vya kudhibiti kasi ya mota) na jenereta karibu kila mahali. Itifaki ya MQTT, ambayo sasa inasifiwa kama kitu kipya, ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti, pale ambapo kila baiti ililipiwa. Nayo ilienea ilipofunguliwa. Lugha za kuandikia programu za PLC zimewekewa kiwango cha kimataifa tangu 1993. Mwanachama anayeielewa misingi hiyo ataingia kiwanda chochote na kusoma kilichomo. Aliyefundishwa vitufe vya chapa moja kwa miaka mitano atakuwa na cheti kizuri na ajira finyu, na chama kitakuwa kimemfanyia msambazaji kazi ya mauzo kwa jina la elimu.

Mabadiliko haya yako jirani. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115, na mtambo mmoja wa ukubwa huo ukitoka kwenye gridi ghafla, vidhibiti vya vituo vingine vinapaswa kuitikia ndani ya sekunde chache. Bomba la mafuta ghafi linalojengwa kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kwa sababu mafuta yale yana nta nyingi na huganda kwenye joto la kawaida, ni lazima yapashwe na yasishuke chini ya nyuzi 50 njia nzima, huku mkongo wa mawasiliano wa nyuzi za kioo uliolazwa sambamba na bomba ukisaidia kufuatilia mwenendo wake. Kazi za namna hiyo zinahitaji vijana wanaojua mfumo mzima, kuanzia kihisi hadi skrini ya chumba cha kuendeshea mitambo. Nilitamani vijana hao watoke kwetu, na kwa masharti yale wasingetoka.

Ninakuja kwenye modemu, ambayo wengi waliiona kuwa sababu ndogo. Mwezi Novemba 2023, kituo kimoja cha kuongeza msukumo wa maji cha mji wa Aliquippa, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kiliingiliwa na wadukuzi kupitia kidhibiti chake. Vidhibiti vya aina ile vilitoka kiwandani vikiwa na nywila ya 1111, na vingi viliachwa wazi kwenye intaneti bila nywila hiyo kubadilishwa. Wahudumu walilazimika kuendesha pampu kwa mkono. Kabla ya hapo, tarehe 23 Desemba 2015, kampuni tatu za kusambaza umeme nchini Ukraine zilishambuliwa, na waendeshaji wakashuhudia kishale cha kompyuta kikitembea chenyewe kwenye skrini na kufungua vivunja mkondo, hadi wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme. Umeme ulirudi baada ya saa kadhaa kwa sababu mafundi waliingia kwenye magari, wakaenda kwenye vituo vidogo na kurudisha vivunja mkondo kwa mikono. Je, kwenye viwanda vyetu wangapi bado wanajua kufanya hivyo? Swali hili niliwauliza waliohudhuria mafunzo ya Juni, na mikono iliyoinuka ilikuwa michache mno.

Badala ya msaada ule, kamati iliidhinisha shilingi 9,400,000 kununua vidhibiti viwili vilivyotumika vya chapa mbili tofauti, draivu ya mota, pampu ndogo, transmita ya mgandamizo, vali moja na tangi la plastiki. Paneli niliifunga waya mwenyewe, usiku baada ya kazi, bila kulipwa posho, nikisaidiwa na vijana wawili ambao majina yao yako kwenye kumbukumbu za katibu na wanaostahili shukrani zetu. Wanaosema fedha hizo zimepotea ninawaomba wafike waione ikifanya kazi.

Siku ya mafunzo ya Juni, tulimpa kijana mmoja kompyuta mpakato iliyounganishwa kwenye swichi ileile ya paneli. Kwa amri moja ya Modbus, bila nywila yoyote, kwa kuwa itifaki hiyo haina sehemu ya kuuliza nani anayetoa amri, aliiwasha pampu tukiwa tunaitazama. Kabla ya hapo alikuwa amerekodi usomaji wa kina cha maji kwa dakika kadhaa, na sasa akaurudisha kwenye skrini. Skrini ikaendelea kuonyesha asilimia 62, mstari wa grafu umetulia, hakuna kengele iliyolia, na nyuma yetu maji yakawa yanamwagika kutoka kwenye tangi hadi kwenye viatu vya mkufunzi. Hiyo ndiyo mbinu iliyotumiwa na kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, ambacho kilibadilisha kasi ya mashinepewa (mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa) za kurutubishia urani kule Natanz, Iran, huku waendeshaji wakionyeshwa kwamba kila kitu ni shwari. Waliokuwepo walielewa kwa saa moja kile ambacho slaidi zisingewafundisha kwa wiki. Baada ya hapo tukatenganisha mtandao wa ofisi na mtandao wa mitambo, tukaweka katikati ukuta wa kinga (kifaa kinachochuja mawasiliano ya mtandao), tukarudia jaribio, na amri ile haikupita. Paneli zilizofungwa kwa modemu ya mtu mwingine zisingeturuhusu kufanya zoezi hilo.

Sasa ninasema kwa masikitiko. Mafunzo hayo yalihudhuriwa na wanachama 19 kati ya 143, ilhali hafla ya mwisho wa mwaka ilihudhuriwa na 97. Mkutano mkuu wa kwanza uliahirishwa kwa kukosa akidi, kwa kuwa walifika 31 tu, na ukumbi ulikuwa umeshalipiwa. Ninafahamu zamu za viwandani zilivyo, kwa sababu nami nimezifanya, lakini zamu haziwezi kueleza tofauti ya 19 na 97.

Hali ya ada nayo hairidhishi. Ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Wanachama 58 wamelipa yote, 31 wamelipa nusu, na 54 hawajalipa chochote, wakiwemo baadhi ya waliolalamika kwamba fedha za chama zimetumika vibaya. Tulikusanya ada ya shilingi 4,410,000 badala ya 8,580,000. Michango ya mafunzo ilikuwa 2,700,000. Na salio la mwaka uliotangulia lilikuwa 7,850,000, hivyo jumla ya fedha ilikuwa 14,960,000. Matumizi yalikuwa 13,005,000: vifaa vya mafunzo 9,400,000, ukumbi na chai 1,620,000, rambirambi 1,200,000, na gharama za ofisi 785,000. Salio ni shilingi 1,955,000. Mweka hazina ana stakabadhi zote, na hakuna shilingi iliyotoka bila saini tatu.

Baadhi ya wanachama wameniandikia wakitaka chama kianze mara moja kufundisha akili mnemba kwa ajili ya kutabiri uharibifu wa mashine. Siwapingi. Kihisi cha mtetemo kwenye beringi ya mota, kikisomwa vizuri, kinaweza kuonyesha wiki kadhaa mapema kwamba beringi inakwisha, na programu za kujifunza kutokana na takwimu zinafanya kazi hiyo vizuri. Lakini nimeona viwanda ambavyo transmita zake hazijasawazishwa kwa miaka, vihisi vingine vimezibwa na vumbi, na saa za seva zinapishana kwa dakika kumi. Programu itakayolishwa takwimu za namna hiyo itatabiri uongo kwa kujiamini. Ndiyo maana kamati ilitanguliza usawazishaji, mtandao na usalama. Isitoshe, toleo la Windows 10 limeacha kupokea marekebisho ya kawaida ya usalama bila malipo tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wenu mnajua kwamba kompyuta za skada (mfumo wa kufuatilia na kudhibiti mitambo kwenye skrini) katika viwanda vyetu zipo kwenye toleo hilo au la zamani zaidi. Hapo ndipo penye kazi ya mwaka ujao, na ni kazi ambayo mafundi wetu wanaweza kuifanya.

Kwa mwaka 2026 kamati inatarajia, Mungu akipenda na hali ya fedha ikiruhusu, kuongeza kidhibiti cha chapa ya tatu kwenye paneli yetu, kuandaa mafunzo ya kuendesha mitambo kwa mkono pale mifumo inapoanguka, na kuendelea kuzungumza na vyuo vya ufundi ili wanafunzi wao watumie paneli hiyo. Tunatumaini pia kupata eneo la kudumu, kwa kuwa kwa sasa vifaa vimehifadhiwa kwenye karakana ya mjumbe mmoja aliyejitolea nafasi yake. Msambazaji mwingine akija na msaada usio na masharti ya kutufunga, mlango uko wazi, na nitakuwa wa kwanza kumpokea.

Ninawaomba wadaiwa wote wakamilishe ada kabla ya mwisho wa Machi, kwa kuwa katiba hairuhusu asiyelipa kupiga kura kwenye uchaguzi wa viongozi, na safari hii kifungu hicho kitatekelezwa kwa kila mmoja, nami nikiwemo. Mafunzo yajayo yatatangazwa na katibu wiki tatu kabla, na paneli itakuwa wazi siku nzima kwa yeyote anayetaka kuigusa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti