Maji ya saa nane usiku

Kwako Geji,

Za masiku, ndugu yangu? Najua. Tangu msiba wa mzee wenu sijakuandikia hata mstari, na rambirambi niliyoahidi imekwama mahali ninapopajua mimi. Utanisema tukionana. Shemeji hajambo? Sisi huku wazima, baridi ya Upare inatutafuna tu, na mama bado ananiuliza, "Yule rafiki yako mla makande anakuja lini?"

Bado nakaimu, huu ni mwezi wangu wa kumi na moja. Kaimu mkuu wa idara ya ufundi, na idara yenyewe ni mimi, mafundi wanne, na pikipiki mbili, moja ikiwa ya kutolea vipuri vya mwenzake. Yule mwenzetu Mrefu aliniambia kaimu ni kama mchumba anayelima shamba la wakwe: jembe amepewa, mke bado. Nilicheka, kisha nikakumbuka sijalipwa posho tangu Machi.

Ila sikuandikii kwa hilo. Nataka uje na kile kipimo chenu kinachorekodi presha usiku kucha. Na kabla hujaja nataka ujue kwa nini, maana nikikueleza kwa simu utanikatiza.

Kuna ule mradi wa maji ya mserereko niliokusimulia, yanayoshuka yenyewe bila pampu, unaovuka bonde. Chanzo kiko juu, mita 148 kutoka chini ya bonde. Tangi la kijiji liko ng'ambo, mita 85 juu ya bonde hilohilo. Bomba la plastiki, poli ya milimita 90, linashuka, linapita chini, linapanda. Kwa miezi minne bomba limekuwa likifumuka bondeni, na kila mara usiku. Asubuhi napigiwa simu na mwenyekiti kabla sijapiga mswaki. Mafundi wanachimba, wanabadilisha kapling, maji yanarudi, wiki haiishi kiungo kingine kimechomoka. Watu wakaanza kusema kuna mtu anatumwa. Kuna kikao cha kijiji kilitaka kabisa kumtaja huyo mtu, na bahati nzuri mvua ikanyesha.

Nikafunga geji ya presha bondeni, ile ya kawaida tu, nikalala huko na fundi mmoja na chupa ya chai. Saa kumi jioni inasoma bar 9. Saa nne usiku 9. Saa sita tangi la ng'ambo likajaa, boya likafunga koki, mshale ukaanza kupanda kama mtu anayepanda ngazi bila haraka. Saa nane ulikuwa umepita 14. Wewe umeshaelewa. Mchana maji yanamwagika tangini, kwa hiyo bonde linabeba ule urefu wa ng'ambo tu na msuguano kidogo. Usiku koki ikifungwa, bomba lote linajaa hadi chanzoni, bonde linabeba mita zote 148, ndiyo hiyo 14 na ushee.

Lakini hilo mchoro ulilijua. Mchoro unasema kilomita 1.4 za bondeni ziwe PN16, bomba la kuhimili bar 16. Presha ya 14 kwenye PN16 si habari.

Nikakata kipande pale palipofumuka. Maandishi yalikuwa yamesuguliwa na mawe, nikachukua venia kalipa. Ukuta wa bomba: milimita 5.4. Nikapima mara tatu, nikampa fundi naye apime. PN16 ya 90 inatakiwa 8.2. Hii ni PN10, Geji. Tumefukia PN10.

Sasa sikiliza. Hati ya makabidhiano ina saini yangu. Nilikuwa na wiki ya tatu kwenye kukaimu, Mwenge unakaribia, mtaro wa bondeni umeshafukiwa na nyasi zimeanza kuota. Roli za bomba zilizobaki kambini kwa mkandarasi zilikuwa PN16, zimeandikwa wazi. Nilizipiga picha. Jaribio la presha mkandarasi alilifanya mchana, nikaoneshwa geji, nikaona namba nzuri. Ningeweza kusema chimbeni mashimo matatu nione. Mashimo matatu tu! Mwalimu wetu pale Ubungo alivyokuwa akipiga meza: "Usisaini kilichofukiwa." Wewe ulikuwa unaandika, mimi nilikuwa nachora sura yake.

Ngoja, hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu zaidi.

Kuna mzee wa huko ng'ambo anayesimamia zamu za ndiva, lile bwawa la zamani la udongo chini ya tangi letu. Unawajua wazee wa ndiva: usiku linajaa, alfajiri linafunguliwa, kila mtu na zamu yake ya mfereji. Alinikuta nimekaa juu ya bomba lililofumuka, akaniangalia, akasema, "Ninyi maji ya usiku mnayafungia. Sisi tunayapa pa kulala." Akaenda zake na kuni zake.

Jumamosi nikapanda tangini, nikalitoa boya. Kipande cha poli chakavu kutoka tundu la kufurikia hadi kwenye mfereji wa ndiva, basi. Sasa tangi halifungi. Likijaa linafurika, ndiva inajaa, bonde linabaki kwenye 9. Leo Alhamisi, siku ya tano, hakuna simu ya alfajiri. Klorini ninayotia chanzoni inakwenda kumwagilia maharage, lakini mwenyekiti ameniletea kuku.

Na meneja amefurahi. Kasema niandike taarifa kurasa mbili kufikia Jumatano ijayo, sababu niweke "marekebisho ya kiufundi". Hajui habari ya 5.4. Anayejua ni mimi na fundi, na sasa wewe.

Unaona mtego? Dawa imekubali mno. Nikinyamaza, bomba halifumuki, wiki sita zijazo mwaka wa matazamio, ule ambao mkandarasi bado anawajibika kwa kasoro, unaisha, analipwa fedha yake ya zuio tuliyomshikia, na saini yangu inalala salama chini ya nyasi. Nikiandika sasa hivi, anawajibika kung'oa na kuweka bomba sahihi kwa gharama yake, ila swali la kwanza mezani litakuwa: nani alipokea? Na kaimu huwa hafukuzwi kwa kelele. Anarudishwa tu alikotoka, kimya.

Halafu nafikiria, siku mtu akifunga geti valvu ya pale tangini ili alisugue, tuseme fundi mgeni, nimeshahamishwa, hakuna aliyemwambia... presha inarudi 14 palepale. Bomba limepita mita chache nyuma ya nyumba ya yule mama mwenye kioski. Jana nimeandika taarifa mbili. Ya kwanza ina 5.4, ya pili haina. Ya pili imeandikwa vizuri zaidi, hilo ndilo linaloniudhi.

Nimefikiria pia tangi dogo la kuvunja presha katikati ya mteremko, mita 98 juu ya bonde. Kutoka hapo hadi tangi la ng'ambo ni kilomita 3. Kwa lita 2 kwa sekunde napata msuguano kama wa mita 7, nami nina 13 mkononi (98 toa 85). Inapita, lakini kwa kubana. Nipigie hesabu upya, sijiamini siku hizi.

Sasa niambie. Kile kipimo mnaweza kunipa usiku tatu kabla ya Jumatano, au mpaka barua ya meneja wako? Ukija, nirudishe boya usiku mmoja ili kirekodi ile 14, au nitakuwa nalipasua bomba kwa makusudi? Wewe ulipokaimu kule, uliwahi kupokea kitu ambacho hukukiona? Ulifanyaje? Na Mrefu nimwambie, au atanicheka tena? Shemeji atakuruhusu?

Njoo na koti zito. Boya lipo kwenye droo yangu pamoja na kile kipande cha bomba, utakipima mwenyewe.

Wako,
Kaimu