Maji Hayasikii Kengele ya Simu

Kwa vijana wa Langoni na Mkomani, hapa Lamu, hasa nyinyi watatu mliokuwa nami pwani bamvua lililopita, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu,

Asalam aleikum.

Wanangu, haya ya kufanya kazi na kupumzika kwa kengele ya simu ningeyasema barazani. Lakini barazani siku hizi nazungumza na visogo, nyuso zote zimeinamia simu. Basi nimemwomba mjukuu ayatie humo humo mnamotazama.

Wasiojua kisa wakisikie. Mashua yangu ilikuwa ikivuja. Tukaingoja bamvua, tukaisogeza juu kabisa saa 10 alfajiri maji yalipojaa, tukaitia gadi, magogo ya kuitegemeza. Anayejua bahari yetu anajua hesabu yake: bamvua likijaa saa 10 alfajiri, hupwa kabisa kama saa 4 asubuhi, na baada ya adhuhuri maji yamekwisha kurudi kugusa mkuku, ule ubao wa chini kabisa wa mashua. Mkononi mna saa tano, mkibahatika sita. Ndani ya saa hizo mtoe pamba mbovu katika mishono ya mbao, mtie kalafati mpya, yaani pamba ya kuziba, mpake deheni, mafuta ya kuzuia maji, basi.

Tulianza vizuri. Mara simu ikalia, sauti kama jogoo aliyebanwa mlangoni. Wote watatu mkaweka vyombo chini. "Ami, dakika 25 zimetimia, tunapumzika tano." Nikadhani mzaha. Mwenzenu mmoja aliiacha patasi imesimama ndani ya mshono, uzi wa pamba unaning'inia nusu, mafuta ya nazi yanadondokea mchangani tone kwa tone. Akaketi kivulini mwa mashua kutazama video ya watu wanaocheka. Tano zikawa kumi na mbili, nilizihesabu. Jogoo akalia tena, na tena, na baada ya mara ya nne mkaniambia sasa ni pumziko refu.

Maji yalipofika, mshono mmoja ulikuwa umebaki wazi kiasi cha shubiri nne. Shubiri nne tu. Jioni mashua ilipoelea tukafua maji kwa ndoo hadi isha. Na kesho yake bamvua lilikuwa limeanza kulegea, maji hayakuweza tena kuifikisha pale juu. Sasa nangoja wiki mbili bamvua jingine, kaskazi imetulia, samaki wapo, na wavuvi wangu wanne wamekaa nyumbani. Wana watoto wale.

Sitaki mtu aseme mzee anachukia mambo mapya. Nimeuliza habari ya hiyo njia nikaelezwa. Aliyeianzisha ni Mwitaliano, Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kitabu hakimkai. Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akajifunga kusoma mpaka ilie. Nyanya kwa Kiitaliano ni pomodoro, na njia ikapewa jina hilo: dakika 25 za kazi, tano za kupumzika, na baada ya vipindi vinne pumziko la robo saa mpaka nusu saa. Mwanafunzi mbele ya kitabu, jamani! Kitabu hakijai wala hakipwi. Ukikifunga ukarudi, ukurasa uko pale pale.

Na kwa kitabu inafaa, nimeiona kwa macho yangu. Mjukuu wangu wa kidato cha nne alikuwa akiizunguka kemia kama paka na samaki wa moto. Tukamtegea dakika 25, akaketi. Kilichokuwa kikimshinda ni kuanza tu. Hata mimi hesabu za mashua, barafu, mafuta, mgao wa wavuvi, nazifanya hivyo, maana sizipendi.

Lakini nani aliwaambia kipimo kimoja kinavalika na kazi zote? Mliitwa semina, mkapewa soda na fulana, mkarudi na namba 25 kana kwamba imeshuka kwa wahyi. Aliyewafundisha hakuuliza ni nani kati yenu fundi wa vyombo vya bahari, nani mshona kofia, nani wa kompyuta. Hii ndiyo tabia yetu: la ukumbini tunalimeza zima, la babu tunaliomba ushahidi. Hata sala ya adhuhuri Mola ameipa nafasi mpaka alasiri iingie. Simu yenu haikunipa shubiri nne.

Marehemu mama yenu mkubwa, mke wangu, alishona kofia miaka mingi. Hakuwa na saa. Alishona mpaka safu imalizike, akatia fundo, akaiweka sindano, akatoka roshani kutazama mbali, juu ya mapaa. Safu ikiwa ngumu alishona kidogo, ikiwa nyepesi alikwenda. Fundo ndilo lililomwambia apumzike. Akirudi haanzi kutafuta alikuwa wapi. Kila kazi ina fundo lake. Mshono wa mashua hukomea ubao unapokomea, na katikati hapaachwi, maana pamba isiyogongwa ikakaza maji huisukuma nje.

Binti mmoja wa hapa Langoni ananukuu sauti kwa kompyuta, analipwa kwa dakika alizoandika. Aliniambia ikifika 25 ndiyo kwanza sikio limeizoea ile sauti, na kengele inamrudisha mwanzo. Akajiwekea 50 kwa 10. Huyo nimempenda, ameipima kazi yake mwenyewe. Wabeba boriti na mawe wapumzike kabla ya kuchoka, si baada. Mwenye duka apumzike wateja wakipungua. Mwenye kulea mgonjwa apokewe, huyo hana kengele.

Na pumziko lenyewe, wanangu. Hapa ndipo moyo unaponiuma kuliko kwenye mashua. Aliyekaa mbele ya kioo tangu asubuhi, akifungua kioo kingine amepumzika nini? Macho ni yale yale, shingo ni ile ile. Ainuke, ateremke gatini, akitazame kisiwa cha Manda ng'ambo mpaka macho yalegee. Aliyeinama siku nzima alale chali. Aliyekuwa peke yake akanywe kahawa na watu. Nawalaumu, lakini najua hamkuanza nyinyi. Tumewaamsha alfajiri mkiwa na miaka saba, chuoni kwa Qurani, shule, kisha masomo ya ziada mpaka usiku, na mtoto akisinzia tukamwita mvivu. Hatukuwafundisha kupumzika, tukawaachia simu iwafundishe. Hilo ni deni letu wazee, na mimi nimo.

Kwa hiyo sijakata tamaa nanyi. Bamvua lijalo mashua inapanda tena, ule mshono bado unanidai. Njooni saa 10 alfajiri, hata yule wa patasi, mwambieni nimeshapoa. Simu zitakaa kwenye kikapu changu, na mama yake mtu akipiga nitapokea mimi. Tutaanzia omoni, mbele ya mashua. Mkifika gadi ya tatu, mshono umefungwa, kahawa itakuwa tayari na kashata, na mtakaa mpaka vikombe viishe.

Ami yenu,
fundi wa vyombo, Langoni