Hatari ya kichaa cha ng'ombe ipimwe kwenye gunia la chakula

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo, kwa maoni yangu kama daktari wa mifugo mstaafu niliyewahudumia kwa miaka mingi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mkoani Kilimanjaro, huachwa nyuma kila mara ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe unapozungumzwa. Watu huuliza kama ugonjwa huo umeingia nchini. Wachache huuliza kama, ukiingia, utakuta njia ya kufika mdomoni mwa ng'ombe wetu, na hilo ndilo lililoiangamiza Uingereza.

Ugonjwa ulitambuliwa huko Novemba 1986. Ng'ombe waliupata kwa kulishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzao, uliokuwa ukichanganywa kwenye chakula chao ili kuongeza protini. Julai 1988 serikali ilipiga marufuku kuwalisha wanyama wanaocheua unga huo, na wengi wakaamini kwamba kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Mwaka 1992 pekee ulithibitishwa kwa ng'ombe zaidi ya 36,000, na baadaye ikabainika kwamba zaidi ya 40,000 kati ya waliougua walikuwa wamezaliwa baada ya marufuku ile kuanza. Viwanda vilikuwa vikiendelea kutia unga uleule katika chakula cha nguruwe na kuku, kisha mashine zilezile zikatumika kutengeneza cha ng'ombe, na mabaki machache yaliyobaki ndani yake yalitosha, kwa kuwa majaribio yameonyesha kwamba hata chini ya gramu moja ya ubongo wenye ugonjwa inaweza kumwambukiza ndama. Hapakuwa na usalama wa kweli mpaka mwaka 1996, unga huo ulipokatazwa kwa mifugo yote.

Kwa binadamu, kamati iliyoongozwa na Sir Richard Southwood iliandika Februari 1989 kwamba uwezekano wa watu kudhurika ulikuwa mdogo sana, lakini ikaonya kwamba, endapo makadirio hayo si sahihi, matokeo yake yangekuwa mazito mno. Viongozi walishika sehemu ya kwanza ya kauli hiyo na kuiacha ya pili. Tarehe 20 Machi 1996 waziri wa afya, Stephen Dorrell, alilieleza Bunge kwamba ng'ombe wenye ugonjwa ndio waliokuwa chanzo kinachoelekea zaidi cha aina mpya ya ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoharibu ubongo wa binadamu. Aina hiyo mpya imeua watu 178 nchini humo, wengi wao wakiwa vijana, na hakuna hata mmoja aliyepona.

Nisingependa msomaji yeyote aache kula nyama kwa sababu ya barua hii. Maziwa na nyama ya mnofu hazijaonekana kuwa njia ya kuupata ugonjwa; hatari imo hasa katika ubongo, uboho wa uti wa mgongo, macho na sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba wa ng'ombe aliyeambukizwa. Lakini ni lazima ieleweke kwamba moto wa jikoni, ambao hutukinga na kifua kikuu na brusela tunapochemsha maziwa, hauna nguvu juu ya prioni, yaani protini iliyojikunja vibaya inayosababisha ugonjwa huu.

Kwa ng'ombe wetu wa asili wanaoishi kwa malisho ya porini, ninaiona hatari kuwa ndogo kabisa, na fedha za umma zinafaa kutangulia kwenye kimeta na homa ya Bonde la Ufa, ambayo mwaka 2007 iliua Watanzania zaidi ya 100. Ng'ombe wa maziwa wanaofugwa bandani ni suala jingine. Wapo wachanganyaji wa chakula wanaotumia unga wa mifupa na damu kutoka machinjioni kutengenezea chakula cha kuku, kisha kwa mashine ileile wakachanganya pumba na mashudu ya ng'ombe. Wapo pia wafugaji wanaowapa ng'ombe takataka za banda la kuku, ambamo chakula kilichomwagika kimo tele. Simlaumu mfugaji anayetafuta protini ya bei nafuu wakati mashudu yamepanda bei. Nasema tu kwamba hiyo ndiyo njia ileile iliyoponza Uingereza.

Wala kufunga mipaka hakutoshi. Iko aina ya ugonjwa huu inayojitokeza yenyewe kwa ng'ombe wazee pasipo kuletwa na chakula, kama ilivyoripotiwa Brazil mwaka 2023. Ng'ombe mmoja wa namna hiyo, akichinjwa na mifupa yake ikasagwa, anaweza kuanzisha mlolongo mzima. Tena, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani haliiweki nchi katika kundi la hatari ndogo kwa sababu tu haijaripoti mgonjwa. Hudai tathmini na ushahidi, kama ule uliotolewa na wenzetu wa Namibia.

Naiomba wizara inayohusika na mifugo ihakikishe kwamba kila gunia la chakula linaandikwa limetengenezwa kutokana na vitu gani, na kwamba anayetumia mabaki ya wanyama wanaocheua hachanganyi chakula cha ng'ombe katika mashine hiyo. Aidha, ng'ombe mzima kiumri anayeyumba, anayeshtuka ovyo au aliyebadilika tabia asipelekwe buchani. Mara nyingi atakuwa na kichaa cha mbwa au maji moyo, ugonjwa unaoenezwa na kupe, na ubongo wake huhitajika maabara kwa ajili ya magonjwa hayo. Sampuli hiyohiyo, endapo vipimo vya kichaa cha mbwa na maji moyo havikuonyesha kitu, ipimwe pia prioni, na majibu yatangazwe kila mwaka.

Wako,
Daktari wa mifugo mstaafu,
Moshi