Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumekutana mara nne, tumefuturu pamoja, tumechangia rambirambi za misiba miwili, na darasa la Kiswahili la Jumamosi linaendelea. Hayo mnayajua.

Ninalotaka kulieleza ni ziara ya Shandon, mtaa wa hapa Cork, Ireland, lilipo kanisa la St Anne's. Inasemwa kwamba nimekula hela ya pilau ya Desemba kwa kuwapeleka watu kanisani, tena kanisa la Kianglikana, wakati wengi wetu ni Waislamu na Wakatoliki. Wazo lilikuwa langu, sikatai, na kamati ililipitisha. Sikuwapeleka watu kusali. Watoto wetu wamezaliwa hapa Cork, wanausikia mnara wa St Anne's, na wakituuliza habari zake tunanyamaza.

Sasa hawahitaji kutuuliza. Kanisa lilijengwa mwaka 1722, baada ya lile la zamani kuangamia mji ulipozingirwa mwaka 1690. Birika la ubatizo la 1629 bado limo ndani. Mnara una pande mbili za mawe mekundu na mbili za mawe meupe ya chokaa, rangi zilezile za jezi za timu za Cork. Kileleni kuna samaki mkubwa wa rangi ya dhahabu, samoni, anayeonyesha upepo unakotoka. Saa yake ya mwaka 1847 ina nyuso nne zisizopatana mpaka itimie saa kamili, ndiyo maana wenyeji wanaiita mwongo. Kengele nane zilisubuliwa Gloucester, Uingereza, mwaka 1750. Hazibembei, ukivuta kamba, nyundo inagonga, hivyo hata mgeni anaweza kuzipiga. Binti wa darasa letu alizipiga kwa mkono wake, mtaa mzima ukasikia. Bibi mmoja wa chama alipanda ngazi zote 132. Mimi nililia pale, na siombi radhi.

Kati ya wanachama 41, walikuja 14. Tulihesabu watu 23 kwa kuwa walileta watoto. Walioahidi kwa simu na wasitokee walinivunja moyo sana.

Kuhusu fedha: waliolipa ada ni 16, euro 480. Ukumbi euro 200, tiketi na chai euro 210, zimebaki 70. Hata tusingekwenda Shandon, euro 280 zisingepika pilau ya familia zote. Wanaolalamika zaidi hawamo katika orodha ya waliolipa.

Mwakani, Mungu akijalia, tutatafuta ukumbi mkubwa zaidi, na pengine safari ya nje ya mji. Mweka hazina bado anapokea ada ya mwaka huu.

Mwenyekiti