Barua kwa Mwanangu Tumpe, Kabla Hajashika Njia ya Kuja Nyumbani

Tukuyu, 24 Novemba

Mwanangu mpendwa Tumpe,

Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mvua imeanza na baba yako anakohoa usiku. Shangazi yako alikuja jana baada ya ibada, akakaa, akanywa chai vikombe viwili, ndipo akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya maharage: "Na lile jambo la Tumpe na trafiki liliishaje?" Nikajifanya nalijua. Kwa hiyo nilisimuliwa habari zako na mtu mwingine, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwamba binti yangu alikalishwa kituoni kwa muda wa saa tatu kwa sababu ya maneno aliyojibizana na askari barabarani, na kwamba jambo hilo lina wiki mbili sasa.

Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu unaniambia "sawa, mama" kabla sijaifikisha sentensi mwisho. Barua hii kaka yako Lusajo ataipiga picha akutumie, nawe utaisoma yote, kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo unashika usukani peke yako kutoka Dar es Salaam mpaka hapa, na njia hiyo hujawahi kuiendesha. Umeipita mara nyingi, nalijua hilo, lakini ulikuwa abiria, na abiria hasimamishwi na mtu.

Ombi langu ni moja. Ukisimamishwa, usijibu kejeli. Jibu unaloulizwa kuhusu gari na safari, na kejeli iache ipite.

Nimemwomba shangazi yako anirudie tukio hilo mara mbili, kama nilivyokuwa nikiwarudisha wanafunzi waliosimulia ugomvi wa uwanjani. Kwamba hukusimama penye kivuko cha watembea kwa miguu hukukanusha, na hapo ulifanya vema. Askari akatazama leseni, akakutazama wewe, akauliza gari hilo amekununulia nani. Ukamwambia umelinunua kwa mshahara wako. Niliposikia sentensi hiyo nilijivuna, nakiri, na kama ungeishia hapo barua hii isingeandikwa. Lakini ukaongeza kwamba mshahara wenyewe unauzidi wa kwake. Kwa nini, Tumpe? Mtu amesimama juani tangu alfajiri, wenzake wawili wanasikiliza, nawe unamtajia mshahara wake! Sentensi ya kwanza ilikuwa jibu, ya pili ilikuwa tusi lililovaa nguo nzuri, na ndiyo iliyomfanya aingize mkono dirishani akachomoa funguo. Kosa moja la shilingi 30,000 likageuka makosa matatu ya shilingi 90,000, kwa kuwa alizunguka gari akakuta kizimamoto kimepita muda wake na taa moja ya nyuma haiwaki. Makosa hayo mawili yalikuwapo tangu mwanzo, ila hakuwa na haja ya kuyatafuta.

Sisemi kwamba alikuwa na haki. Kuchomoa funguo kwa mkono wa nguvu si ustaarabu, na kumuuliza mwanamke nani amemnunulia gari ni upuuzi ambao asingemuuliza Lusajo. Nasema tu kwamba pale barabarani haki yako haina shahidi, na mimi niko zaidi ya kilomita 800 kutoka mahali ulipo.

Sheria yenyewe unaijua kuliko mimi, lakini nivumilie niiandike, maana nikiiandika natulia. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 askari aliyevaa sare ana mamlaka ya kukusimamisha na kuitaka leseni yako, kwa hiyo hapo usibishane hata kidogo. Akisema umekosa, mwombe akueleze ni kosa gani. Ukilikubali, faini inaandikwa na kulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa simu au benki, haiwekwi mkononi mwa mtu. Usipolikubali, una haki ya kukataa kulipa na kwenda kujieleza mbele ya hakimu, na hilo unaweza kulisema kwa sauti ya chini kabisa. Akikukamata ni lazima akwambie sababu. Na ikifika mahali pa kupekuliwa mwilini, mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha, tena si heshima wanayokufanyia. Imo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Hilo peke yake nakuruhusu ulisimamie hata kama sauti itapanda.

Kuna jambo lingine linaloninyima usingizi kuliko kejeli. Wakati mwingine askari husema anapanda garini ili mwende pamoja kituoni. Mwombe kwa heshima atangulie nawe umfuate nyuma. Asipokubali, mpigie kaka yako kabla gari halijaondoka, useme kwa sauti inayosikika mahali ulipo, kituo mnachokwenda na jina lililoandikwa kwenye kifua cha askari huyo. Usiseme kama mtu anayetisha, sema kama mtu anayemwarifu ndugu yake kwamba atachelewa kula. Simu usimnyooshee usoni. Najua siku hizi mnarekodi kila kitu, lakini kamera mbele ya mtu mwenye hasira ni kama kijiti mbele ya mbwa. Andika saa, mahali, jina na maneno aliyoyatumia, ukiwa umeshaondoka na kuegesha mahali penye watu. Karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa ule, au kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na kama aliomba fedha, TAKUKURU, ile taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Malalamiko yenye tarehe na saa ni mazito kuliko sentensi tamu uliyoitupa dirishani.

Na sasa nifike kwenye lile ambalo shangazi yako alilisema akiwa mlangoni, akitafuta viatu vyake. Alisema, "Huyo binti amerithi mdomo wako, Mwalimu." Nikacheka, lakini alipoondoka sikucheka. Ulipomsimulia shangazi yako, ulisema kwamba kilichokukera kuliko yote ni pale alipokuuliza, "Unajua unaongea na nani?" Neno hilo, mwanangu, nimelitumia miaka mingi darasani, tena nikiwa na fimbo mkononi, kwa watoto ambao hawakuwa na pa kwenda kushtaki. Nimefundisha vijana watatu ambao baadaye walivaa ile sare nyeupe. Mmoja wao alipita kunisalimia Pasaka iliyopita, akaniambia kwamba siku yake huanza kwa kutukanwa na madereva, na kabla ya saa sita mchana hata anayempa salamu njema anamwona kama mnafiki. Nilimpa ndizi na maziwa ya mgando. Sikumkumbusha nilivyokuwa nikimchapa kwa kosa la kujibu, wakati wewe, mtoto wa mwalimu, ukijibu nyumbani mezani nasi tukicheka na kusema una akili.

Habari za lile lori la Fuso na safari za kupeleka ndizi soko la Mabibo, Dar es Salaam, unazijua, ulikuwa umekaa katikati yangu na dereva, sitazirudia. Nitasema tu kwamba noti zile nilizokuwa nikizikunja usiku kabla ya safari, moja kwa kila kizuizi, nilizihesabu kama sehemu ya nauli, kama vile magunia na kamba. Dereva alikuwa akiniuliza, "Mwalimu, ya mbele ipo?" nami najibu ipo. Ndizi zilikuwa zinaiva, na kusubiri nusu siku kulikuwa hasara ya mkungu kwa mkungu. Kila mtu alifanya hivyo. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inambana anayetoa sawasawa na anayepokea, na mimi nilikuwa nikiisoma sheria hiyo kwa wanafunzi katika somo la uraia siku ya Jumatatu, baada ya kurudi kutoka Dar es Salaam Jumapili. Kwa hiyo unaponiambia kwamba askari hawa wamezoea vibaya, sina la kukujibu. Tumewalisha wenyewe.

Wewe hukumpa kitu. Hata katika hasira yako yote, na saa tatu zote hizo, hukutoa hata elfu tano, ukalipa 90,000 ya serikali na risiti ukaitunza. Shangazi yako alilitaja hilo kama ujinga. Mimi nililisikia vingine, ila sikumwambia.

Lakini usijibu, Tumpe. Narudia kwa sababu naijua njia. Ukitoka Morogoro utaingia Mikumi, na ndani ya hifadhi fuata mwendo ulioandikwa kwenye vibao. Usishawishike na mabasi yatakayokupita. Ukipanda Kitonga utakuwa nyuma ya malori yanayokwenda Zambia na Kongo kwa mwendo wa kobe, na mstari wa katikati haukatiki, na utamaduni wa hapo ni kwamba anayeishiwa subira hukutana na trafiki juu kabisa, akiwa amepumzika na amejiandaa. Ukipita Makambako usidhani umefika. Kuanzia Igawa, Chimala na Igurusi nyumba zimeshikana na barabara, vibao vya 50 vinatangulia nyumba, na tochi ya kupimia mwendo huwa kwenye kivuli cha mti ambao usingeudhania. Wakati huo utakuwa umeendesha tangu alfajiri, mgongo unauma, una njaa, na hapo ndipo mdomo wako huwa mwepesi kuliko wakati wowote. Lala Iringa. Baba yako anasema haina haja, kwamba yeye alikuwa akiimaliza njia hiyo kwa siku moja, lakini yeye alikuwa kwenye basi amelala.

Ukisimamishwa, zima redio, shusha kioo, sema "Shikamoo afande" hata kama ana umri wa mdogo wako, kwa kuwa salamu haikupunguzii kitu. Leseni na bima viwe mahali pamoja, siyo chini ya kiti ambako utainama na yeye aanze kushuku. Akikuita "bibie" au "mrembo", endelea kumwita afande. Akiuliza gari ni la nani, kadi ya gari ina jina lako. Mpe kadi, usimpe maelezo. Ikiwa ni usiku na aliyesimama hana sare wala gari la polisi, usisimame gizani, punguza mwendo uende mpaka kituo cha mafuta chenye taa na watu, ndipo uulize kitambulisho. Hilo halihesabiki kuwa ni ukaidi.

Nakuona tayari unasoma huku umekunja uso, ukisema kwamba mama anataka niwe mnyenyekevu kwa mtu aliyenidharau. Sitaki uwe mnyenyekevu, nataka ufike. Ukishafika hapa, tukae jikoni, umtukane mpaka umalize, nami nitakusaidia, kwa kuwa nina maneno ambayo hujawahi kuyasikia.

Habari za nyumbani ni kwamba bati la upande wa jiko limeinuliwa na upepo na maji yanaingia karibu na gunia la mahindi. Fundi anadai misumari ya hapa inapinda, kwa hiyo njoo na kilo mbili za misumari ya bati kutoka huko. Ng'ombe mdogo amezaa ndama jike. Parachichi za mwaka huu tuliuza mapema mno, kosa langu, sikumsikiliza Lusajo, naye ananikumbusha kila tunapokula. Dawa za presha za baba yako zimebaki za siku kumi. Ukiweza zinunue huko, hapa mara zipo mara hazipo, na stakabadhi uiweke pamoja nazo ili njiani mtu asiulize ni za nani. Fedha uliyotuma kwa ajili ya mbolea imefika, ndaga, asante sana. Blanketi usilete, tunayo.

Ukifika Uyole pinda kushoto, nipigie simu hapo hapo. Kutoka hapo ukungu huwa mzito mchana kutwa mwezi huu, uwashe taa na usimfuate mtu kwa karibu. Lusajo atakusubiri kwenye mnada na pikipiki akutangulie, maana barabara ya kuingia kwetu imechimbwa na maji.

Kizimamoto kipya umenunua? Na ile taa ya nyuma, usiniambie fundi amesema inatosha ukiigonga. Itengenezwe kabla ya Jumamosi, unipigie picha ikiwa inawaka.

Mama yako