Trinh T. Minh-ha na sauti ya msimulizi

Mhariri,

Naomba nafasi nimzungumzie Trinh T. Minh-ha, mwanafalsafa na mtengenezaji filamu ambaye kwetu hutajwa kwa nadra. Alizaliwa Hanoi mwaka 1952, akahamia Marekani mwaka 1970 vita vya Vietnam vikiendelea, na kwa miaka mingi amekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Kabla ya hapo alifundisha muziki Dakar, mji mkuu wa Senegal, kuanzia 1977 hadi 1980. Filamu yake ya kwanza, Reassemblage, iliyotoka mwaka 1982, inawaonyesha wanawake wa vijijini Senegal katika shughuli zao za kila siku, lakini anayesubiri sauti nzito ya msimulizi imfafanulie mila zao atasubiri bure. Anayesikika ni Trinh mwenyewe, akieleza kwamba hakusudii kuwazungumzia wale watu bali kuzungumza akiwa karibu nao tu. Kisha sauti hukatika ghafla, na picha zikaendelea kimya kimya. Mtu aliyekaa Senegal miaka mitatu angeweza kujidai mjuzi, naye hakujidai.

Mwaka 1989, katika filamu ya Surname Viet Given Name Nam, aliyageukia mahojiano, chombo tunachokiamini kuliko vyote. Wanawake wanasimulia maisha yao nchini Vietnam, nasi tunawaamini, hadi tunapogundua kwamba ni Wavietnam waishio Marekani wanaoigiza mahojiano yaliyokwisha kuchapishwa Ufaransa.

Nina neno moja la kumpinga. Katika Reassemblage maneno ya wanawake hayatafsiriwi, na kwa mtazamaji asiyejua lugha zao wanabaki kuwa sura na miili ya kutazamwa, jambo ambalo filamu yenyewe ilidhamiria kulikomesha.

Hata hivyo, kosa letu ni kubwa zaidi. Katika makala nyingi za miradi ya maendeleo, mama huongea kwa Kigogo au Kimakonde kwa muda mrefu, sauti yake hupunguzwa, na msimulizi aliyerekodiwa studio mjini huturudishia sentensi moja ya shukrani kwa mfadhili. Ningependa vyuo vyetu vya uandishi wa habari viwaonyeshe wanafunzi filamu hizo mbili na kuzijadili pamoja na dosari zake, na watayarishaji waiache sauti ya mama isikike hadi mwisho, tafsiri kamili ikiandikwa chini ya picha.

Msomaji wenu,
Dodoma