Risala ya Klabu ya Anga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Wilaya yetu,
Mwalimu Mkuu,
Walimu wetu wapendwa,
Wazazi na walezi mliotoka Kayabwe, Buwama, Lukaya na vijiji vya jirani,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Shikamooni wakubwa zetu. Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama, Mheshimiwa, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kuketi nasi mchana kutwa katika jua hili. Sisi wanafunzi wa Klabu ya Anga tumepewa dakika chache, na tumekubaliana tuzitumie kukueleza jambo moja tu, sayari ya Mshtarii, pamoja na maswali ambayo watu wa hapa wanatuuliza kila wanapotukuta uwanjani usiku.

Klabu yetu ilizaliwa darasani, katika kipindi cha Kiswahili. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni majina ya sayari: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Mwenzetu mmoja wa kidato cha kwanza akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, hiyo Mshtarii yenyewe iko wapi?" Mwalimu hakujibu. Alituambia sisi wa bweni tukutane uwanjani baada ya chakula cha jioni. Pale akatuonyesha kwa kidole nuru nyeupe iliyotulia, isiyometameta kama nyota, juu ya ule mwembe ulio nyuma ya jiko. Wote tulikuwa tumeshaiona mara nyingi. Baadhi yetu tulidhani ni taa ya ndege inayosubiri zamu ya kutua Entebbe.

Baadaye mzazi mmoja, ambaye kazi yake ni kuwaongoza watalii kwenye kinamasi cha Mabamba kumtafuta korongo-nyangumi, alituazima darubini yake ya macho mawili. Mkono ukitetemeka kidogo tu huoni kitu, kwa hiyo tuliifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye nguzo ya goli. Ndipo tukaona kiduara kidogo, na kandokando yake vidoti vinne vya nuru vimejipanga mstari mmoja. Tukavichora daftarini. Usiku wa pili vilikuwa vimehama. Usiku wa tatu kimoja kilikuwa hakipo. Kuna mwenzetu alilia, Mheshimiwa, na hatukumcheka, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na donge kooni.

Galileo Galilei aliifanya kazi hiyo hiyo katika mji wa Padova, Italia, kuanzia tarehe 7 Januari 1610. Usiku wa kwanza aliona vidoti vitatu, na kufikia tarehe 13 alikuwa ameona vinne. Alitambua kuwa ni miezi inayoizunguka Mshtarii, na hapo wale waliosema kwamba kila kilichoko mbinguni kinaizunguka Dunia wakawa na jambo gumu la kujibu. Leo miezi hiyo minne inaitwa Io, Europa, Ganimedi na Kalisto.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, swali la kwanza tunaloulizwa, hasa na akina mama wetu wa jikoni, ni hili: hicho kitu ni kikubwa kiasi gani? Tulijibu kwa fenesi. Tulitafuta lenye upana wa sentimita 35 hivi, tukasema hili ndilo Mshtarii. Kwa kipimo hicho Dunia yetu, pamoja na ziwa Nalubaale, yaani Viktoria, na milima ya Rwenzori na watu wote, ni ndimu changa ya sentimita 3. Ganimedi ni tunda moja la kahawa iliyoiva. Io tukaiweka mita 1 kutoka kwenye fenesi, Kalisto tukaipeleka mita 4 na nusu. Jua lenyewe halikuingia uwanjani, maana lingekuwa na upana wa karibu mita 3 na nusu, na lingekaa kilomita 2 kasoro kutoka pale jikoni. Kwa hesabu kamili, kipenyo cha Mshtarii kwenye ikweta yake ni karibu kilomita 143,000, mara 11 ya Dunia. Ukizikusanya sayari nyingine zote saba ukazitia kwenye mzani, Mshtarii bado itazizidi mara mbili na nusu.

Wa pili huuliza kama mtu anaweza kusimama juu yake. Hawezi, kwa sababu hakuna pa kukanyaga. Sayari hiyo karibu yote ni haidrojeni na heli. Ukishuka ndani, gesi hubanwa, hupata joto, na polepole huwa kimiminika, na chini zaidi haidrojeni hubanwa hadi ikapitisha umeme kama madini. Tarehe 7 Desemba 1995 chombo kidogo cha Marekani kiliteremshwa humo kwa mwavuli. Kilituma habari kwa muda wa saa moja hivi, mgandamizo ukazidi mara 20 ule wa hewa yetu, kisha kikanyamaza. Tunapomaliza kusimulia hili watu hukaa kimya, nasi huwaacha wakae kimya.

Kuna swali moja linalotugusa sisi watu wa ikweta. Ukiitazama picha nzuri ya Mshtarii utaona si mviringo kamili, imebonyea juu na chini na kutanuka katikati. Ni kwa sababu sayari kubwa namna ile hujizungusha mara moja kwa saa 10 kasoro dakika chache, na mzunguko huo unaisukuma ikweta yake nje kiasi kwamba kipenyo cha hapo kinakizidi kile cha ncha hadi ncha kwa zaidi ya kilomita 9,000. Tena Mshtarii imesimama karibu wima, mwinamo wake ni digrii 3 tu, kwa hiyo haina majira ya baridi na joto kama ya Ulaya. Sisi ambao mchana wetu na usiku wetu hulingana mwaka mzima tulilielewa hilo upesi kuliko tulivyotarajia. Na kuna neema nyingine ya kuishi hapa. Mshtarii kila inapoonekana kwetu hupanda juu sana, karibu na utosi, wakati watu wa mbali kaskazini kuna miaka huitafuta chini chini juu ya mapaa ya nyumba.

Lile doa jekundu ni dhoruba pana kuliko Dunia, ambayo imetazamwa mfululizo tangu miaka ya 1830. Inapungua, lakini bado ipo. Na kwa wanaouliza mbona Mshtarii haikuwa nyota: ingehitaji uzito wa karibu mara 80 ya ule ilio nao ndipo iwake kama jua.

Sasa miezi, maana hapo ndipo moyo wetu ulipo. Kwa Kiswahili tuna neno moja la mwezi wa angani na mwezi wa kalenda, na Kiganda nacho kina omwezi. Basi fikirini, wazazi wetu, mwezi unaokwisha kwa saa 42 na nusu. Huo ndio mzunguko wa Io. Europa hutumia takriban mara mbili ya muda huo, Ganimedi takriban mara mbili ya Europa. Miezi hiyo mitatu inakwenda kama wacheza ngoma watatu wanaosikia mdundo mmoja, na kwa kuwa hukutana pale pale kila mara, huvutana, na Io haipati nafasi ya kuzunguka katika duara lililotulia. Ikisogea karibu na Mshtarii inabanwa, ikienda mbali inalegezwa. Chukua waya, ukunje na kuukunjua haraka mara ishirini, kisha uguse pale penye kunjo. Io imekunjwa hivyo kwa muda mrefu sana, na ndiyo sababu ina volkano zaidi ya 400 zinazofanya kazi, kuliko mahali pengine popote panapojulikana katika mfumo wa Jua. Volkano hizo zilionekana mara ya kwanza Machi 1979, katika picha za chombo Voyager 1, na aliyeziona ni mhandisi Linda Morabito.

Europa nayo hukandwa, ila kwa upole zaidi. Uso wake ni barafu, na vipimo vinaonyesha kwamba chini ya barafu hiyo kuna bahari ya chumvi ambayo maji yake yanakadiriwa kuwa mara mbili ya bahari zote za Dunia. Je, kuna viumbe humo? Wazee hutuuliza hivyo wakishusha sauti. Jibu letu ni kwamba chombo Europa Clipper kiliondoka Duniani tarehe 14 Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2030, na kitapita karibu na Europa takriban mara 50 kuchunguza kama mazingira yake yanaweza kubeba uhai. Mwaka 2031 kitafuata JUICE cha Ulaya, ambacho shabaha yake kubwa ni Ganimedi, mwezi unaoizidi hata sayari ya Utaridi kwa upana. Wenzetu walio kidato cha kwanza watakuwa vijana wa chuo kikuu picha hizo zitakapokuja.

Idadi ya miezi yote ya Mshtarii imepita 90, na huongezeka kila wataalamu wanapopata darubini bora. Mingi ni mawe madogo ya kilomita chache. Zohali imeipita mbali, mwaka 2025 ilifikia 274.

Kuna bibi mmoja jirani yetu aliyetuuliza kwa upole kama tunapiga ramli. Tulimheshimu kwa kuuliza, kwa sababu neno unajimu limebeba mambo yote mawili, ramli na elimu ya nyota, kwa karne nyingi. Tulimketisha kwenye kiti, akatazama, tukamweleza kwamba nuru aliyoiona iliondoka Mshtarii dakika kama 40 zilizopita, sawa na kipindi kimoja cha darasani. Mwaka 1676, kule Paris, Mdenmaki Ole Rømer alikuwa akipima saa ambazo Io huingia kivulini mwa Mshtarii. Akaona kwamba Dunia ikiwa mbali, Io huchelewa, na Dunia ikikaribia, huwahi. Io yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa ni nuru inayochukua muda kufika, na hivyo mwezi mmoja mdogo ukawafundisha wanadamu kwamba nuru ina mwendo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, na Ijumaa iliyofuata alikuja na wajukuu watatu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi.

Darubini tunayotumia si yetu, ni chombo cha kazi cha mzazi wetu, na siku za watalii inambidi aichukue. Tunaomba utusaidie kupata darubini moja ya anga, hata yenye lenzi ya milimita 70 tu na miguu yake mitatu. Hiyo itatosha kuonyesha mikanda ya mawingu ya Mshtarii na pete za Zohali.

Tangu mwaka 2020 Kiswahili kimo katika mtaala mpya wa sekondari ya chini, lakini vitabu vya sayansi ya anga kwa lugha hii hatuna. Tumeanza kukusanya maneno katika daftari: sayari, mzingo, mvutano, kipenyo, kupatwa. Yamefika 160. Tunaomba ofisi yako iyapitie na kuyachapisha, ili shule nyingine za wilaya zisianze pale tulipoanzia sisi.

Mwezi wa Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, ilirushwa angani, nayo ilitengenezwa na wahandisi watatu Waganda waliosomea kazi hiyo Japani. Tungefurahi sana kama ungetusaidia kumpata mmoja wao atutembelee, hata kwa saa moja.

Ombi la mwisho ni kwa Mwalimu Mkuu. Ile taa kubwa ya uwanjani, tunaomba izimwe kwa nusu saa kila Ijumaa usiku. Tutakaa na mlinzi.

Mheshimiwa, tunajua safari ya kurudi ni ndefu. Lakini kama unaweza kubaki hadi saa mbili usiku, kiti chako tumeshakiweka karibu na nguzo ya goli. Kwa hesabu za daftari letu utaona miezi mitatu, miwili upande mmoja na mmoja upande wa pili, maana Io itakuwa imepita nyuma ya sayari. Itatokea tena kabla ya saa nne. Njoo utuhakiki.

Tunaomba kuwasilisha.